Ushindi wa Carlisle mwaka 1912 haukuwa wa Thorpe peke yake

Tarehe 9 Novemba 1912, vijana wa Carlisle, shule ya watoto wa wenyeji asilia wa Marekani huko Pennsylvania, walikwenda West Point wakaichapa Army, timu ya chuo cha kijeshi cha pale, 27–6 katika mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mkononi. Kila ninapoikuta habari hii inasimuliwa kwa majina mawili: Jim Thorpe, aliyekuwa ametoka Stockholm na dhahabu mbili za Olimpiki, na Dwight Eisenhower, rais wa baadaye wa Marekani, aliyekuwa upande wa walioshindwa. Kwa maoni yangu, hiyo ni dhuluma.

Aliyeuvusha mpira mstari wa mwisho wa Army mara tatu siku ile ni Alex Arcasa. Mara tatu! Na mwaka huo kila kuvuka kulikuwa kumepandishwa kutoka pointi 5 hadi 6. Gus Welch, mtu wa taifa la asili la Ojibwe kutoka Wisconsin, ndiye aliyeongoza mashambulizi uwanjani. Kocha Pop Warner aliwasogeza wakimbiaji wawili mbele, mmoja kila pembeni, Army wasijue mpira utapita wapi. Thorpe alikuwa moto, sibishi, lakini ile ilikuwa kazi ya timu nzima. Msimu uliisha kwa ushindi 12, sare moja ya 0–0 na chuo cha Washington & Jefferson, na kipigo kimoja tu, 34–26 kutoka kwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wiki moja baada ya West Point.

Wapo wanaoipa shule sifa za msimu huo. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Carlisle ilianzishwa mwaka 1879 na ofisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, ndani ya kambi ya kijeshi. Watoto wa mataifa ya wenyeji asilia waliondolewa kwao, wakanyolewa, wakabandikwa majina mapya, wakakatazwa lugha zao. Pratt alisema waziwazi kwamba shabaha ni kuua uasilia ulio ndani ya mtoto ili mtu aokolewe. Mimi nilisoma shule ambayo ukiongea lugha ya mama unavishwa kibao shingoni, na bado naona haya nikikumbuka. Yetu ilikuwa ni kibao tu, na jioni tulirudi nyumbani kwa mama.

Timu hiyo ilicheza mechi nyingi ugenini, kwenye viwanja vikubwa vyenye viingilio vinono. Mwaka 1914 kamati ya Bunge la Marekani ilikuja kuichunguza shule, fedha za michezo zikiwemo, na mwaka 1918 shule ikafungwa. Kwa hiyo akina Arcasa na Welch walishinda wakiwa ndani ya Carlisle. Hawakushinda kwa hisani yake.

Pale Carlisle yalibaki makaburi ya watoto zaidi ya 180. Jeshi la Marekani, lile lile lililomtoa Pratt na ambalo timu yake ilichapwa pale West Point, ndilo ambalo tangu 2017 limekuwa likiyafukua mabaki na kuyarudisha kwa jamaa zao.