Anayefungua shauri la talaka kwanza anapata nini?

Wengi wanaofikiria talaka huamini kwamba hakimu humsikiliza zaidi aliyetangulia kufungua shauri. Katika nchi nyingi imani hiyo haina msingi tena. California iliacha kutafuta mwenye kosa tangu 1970. Uingereza na Wales zilifanya hivyo Aprili 2022, na huko wanandoa wanaweza hata kuomba talaka kwa pamoja. Malezi ya watoto huamuliwa kwa maslahi ya mtoto, yeyote awe ameanza.

Hata hivyo, tarehe ina uzito wake. Wanandoa wakiwa na makazi katika nchi mbili za Umoja wa Ulaya, na mahakama za kote kuwili zina mamlaka, ile iliyopokea maombi kwanza ndiyo inayosikiliza talaka. Aliyechelewa anaweza kujikuta akijibu kesi ugenini, kwa lugha ya mwenzake. Ujerumani nako, kwa kawaida, siku mlalamikiwa anapokabidhiwa hati ndiyo hufunga hesabu ya mali iliyochumwa katika ndoa.

Lakini faida ninayoithamini zaidi ni ulinzi. Hati ya wito ya California hubeba amri inayowakataza wote wawili kuhamisha mali, kubadili bima au kumtoa mtoto nje ya jimbo bila idhini. Aliyefungua hubanwa tangu siku hiyo, mwenzake tangu anapokabidhiwa. Kwa mke ambaye akaunti zote ziko kwa jina la mume, na salio linapungua kila wiki, karatasi hiyo ni ngao. Penye kipigo ndiyo kabisa, asingoje.

Pasipo na hatari hizo, mimi naona haraka huharibu. Watu waliokuwa wamekaribia kuelewana juu ya nyumba na ratiba ya watoto, mmoja akiletewa wito kazini bila kuambiwa, mazungumzo hufa siku hiyo hiyo. Kila mmoja hushika wakili wake, na gharama hutoka kwenye mali ile ile waliyotaka kugawana. Hasara hiyo huipita faida ya kutangulia.

Na wa pili hajafungiwa mlango: anaweza kuwasilisha majibu na madai yake mwenyewe. Anachopaswa kuogopa ni muda wa kujibu, ambao California ni siku 30 tangu akabidhiwe hati. Asipojibu, mwenzake anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja.