Zungusheni vigingi vya selo, msichonge amadinda

Tamasha la ala za nyuzi likitangazwa Kampala kwamba litaunganisha muziki wa Uganda na wa Ulaya, swali langu la kwanza ni moja: nani kabadilishiwa sauti? Mara nyingi ni amadinda, marimba ya mbao ya Waganda. Fundi kaitwa, mbao zimechongwa hadi zikafanana na piano, kisha mpiga selo, ile fidla kubwa ya Ulaya inayopigwa mtu akiwa ameketi, anapanda jukwaani na nyuzi zilezile alizotoka nazo nyumbani. Inaniuma sana.

Amadinda ina mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo vya mgomba. Oktavu yake, yaani kutoka sauti moja hadi ile ile iliyo juu yake, ina hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja ikiizidi toni ya piano kwa kama sehemu moja ya tano. Ukikwangua ubao chini, katikati, sauti inashuka. Ukipunguza ncha, inapanda. Mti ukishatoka umetoka. Kigingi cha selo unakizungusha leo, kesho unakirudisha. Basi kwa nini kiguswe kile kisichorudi?

Na kazi yenyewe si kubwa. Selo ina nyuzi nne, kutoka juu A, D, G na C. Tafuta ubao wenye sauti iliyo karibu na uzi wa A, uufuate. Kutoka hapo shuka hatua tatu za amadinda kwa kila uzi. A ikiwa Hz 220 (mitetemo 220 kwa sekunde), D itakaa karibu na 145 badala ya 147, G 96 badala ya 98, C 63 badala ya 65. Mtu ataona Hz 2 ni kitu kidogo, lakini kule chini kwenye C hiyo ni zaidi ya robo toni: usipoishusha, ubao ulio oktavu moja juu yake utagombana nayo kama mara nne kwa sekunde, na hata asiyejua muziki atahisi kuna kitu kinatetemeka vibaya. Programu ya kutuni kwenye simu itakwambia umekosea. Izime, kwa sababu amadinda mbili hazilingani. Legezeni nyuzi siku moja kabla, maana uzi uliolegezwa hupanda wenyewe kidogo, na ukishusha mmoja wengine hukaza. Rudieni mara mbili au tatu, mkitazama daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, lisije likaegemea upande.

Nakubali, C iliyolegea inanguruma, vidole vilivyozoea vitakosea mwanzoni, na kipande cha Ulaya kitataka selo ya pili. Sawa, gharama hiyo ibebwe. Unguja selo imo katika taarab miaka mingi. Haikuvunjika kwa kujifunza lugha ya wenyeji.

Mdundo nao msimpe mtu mmoja. Kwenye amadinda, pigo la omunazi, mpigaji anayeanza, huangukia kwenye pengo la omwawuzi, mwenzake anayemjibu, kwa hiyo gawieni selo mbili, zitazamane.

Anayeonewa kirahisi kuliko wote ni mpiga endingidi, fidla ya Uganda yenye uzi mmoja. Uzi wake mmoja haukandamizwi kwenye mti. Kidole kinaugusa ukiwa hewani, hivyo anaweza kumfuata yeyote, na kila mtu anamtaka amfuate yeye. Mwacheni ashike sauti ya amadinda, mkalisheni mbele, kando ya selo ya kwanza. Mvua ikinyesha mchana, ngozi ya kenge italegea kwa unyevu na sauti itazama. Aipashe moto kabla watu hawajaketi, na muda wa kufanya hivyo uandikwe kwenye ratiba ya mazoezi kama ulivyoandikwa muda wa kutuni fidla.