Pazia la Kasubi na pazia la muzigo

Matangazo ya hoteli za kando ya Ziwa Bunyonyi yanatuambia utulivu una bei yake: lala siku mbili, sikiliza ndege, rudi Kampala ukiwa mtu mpya. Sina ugomvi na mwenye hela zake. Nisichokubali ni hilo wazo kwamba faragha hupatikana kwa kuwakimbia watu. Wengi wetu mjini tunaishi kwenye muzigo, chumba kimoja katika safu ya vyumba vinavyoegemeana, ambapo jirani akikaanga vitunguu unajua, na akigombana na mumewe unajua zaidi. Humo humo tuna mahali patakatifu, nyuma ya pazia.

Aliyepanga muzigo analijua pazia hilo. Linaning'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa mlangoni kuna kochi na televisheni, na sigiri ikishapoa nje huingizwa hapo. Upande wa pili kuna kitanda, masanduku, sare za shule na kila kitu ambacho mama wa humo hataki kionwe. Kitambaa chenyewe chepesi, mlango ukifunguliwa tu kinapepea. Lakini mgeni atapiga hodi, atakaribishwa, atakunywa chai mpaka giza liingie, na hatalifunua. Mtoto wa jirani akilisogelea anakemewa, "Wee, rudi hapa! Huko kunaingiwa?" Halina kufuli. Linazuia kwa sababu sote tumekubali kwamba linazuia.

Sasa panda Kasubi, kilima cha Kampala walikozikwa wafalme wa Buganda. Nyumba kuu ya makaburi, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 ikiwa ikulu ya Kabaka, yaani mfalme, Muteesa I, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II nao wamelazwa hapo. Unavua viatu, unaketi mkekani, na mbele yako linashuka pazia la mbugo, kile kitambaa cha rangi ya udongo kinachotokana na gome la mutuba lililogongwa kwa nyundo za mbao. Nyuma yake ni msitu. Baganda hawasemi Kabaka amekufa, husema amepotea msituni, na msitu wenyewe ndio huo. Tiketi yako, kamera yako na udadisi wako vyote vinaishia kwenye mbugo.

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza nyumba ile. Utakatifu ungekuwa kwenye nyasi na nguzo, basi ungeisha usiku huo. Watu walifika wakilia, wazee kwa vijana, na ujenzi mpya ukafuata miiko ya kale: kazi ya kuezeka, kwa mfano, ni ya ukoo wa Ngeye, hata kama wewe ni fundi mashuhuri wa paa. Ilichukua miaka. UNESCO iliiondoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Anayetaka kazi ya haraka atasema miiko ilichelewesha mambo. Mimi nadhani bila miiko tungepata jengo zuri la watalii, basi.

Waislamu wanalijua jambo hili pia. Kumi la mwisho la Ramadhani, baadhi ya wanaokaa itikafu, yaani wanaobaki msikitini kwa ibada, hujitengea kona ya msikiti kwa shuka, na wanaoswali pembeni yao hawachungulii.

Kuna pia Nyumba ya Ibada ya Wabahai kwenye kilima cha Kikaaya, hapa Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1961. Ina pande tisa, na mtu wa dini yoyote anaingia. Ndani hakuna mahubiri wala ala za muziki, ni kusoma maandiko, kuomba na kuimba kwa sauti tupu. Mwaka 1977 Idi Amin alipiga marufuku madhehebu mengi, Wabahai wakiwemo, kwa hiyo wanajua vizuri pazia likichanwa na dola inakuwaje. Leo watu wa mitaa ya chini hupanda wakakaa kwenye majani, kila mmoja na yake. Wapo waliojaa pale, lakini hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Kwa mtu anayelala watano chumba kimoja, hicho ndicho chumba chake cha pili.

Ndiyo maana spika zinaniudhi, na sizungumzii muziki wa baa peke yake. Kanisa la mtaani linalowasha spika nne kuelekea barabarani linapita kwenye kila pazia la kila muzigo, linaingia mpaka kitandani, bila hodi. Kanuni za kudhibiti kelele tunazo tangu 2003, na hazijawahi kunisaidia kulala. Nisingeomba kanisa lifungwe. Ningeomba lifunguliwe zaidi: mchana wa katikati ya wiki, mlango wazi, mabenchi, mitambo imezimwa, mama aliyetoka sokoni aingie aketi bila kuombewa kwa nguvu.

Nilimpelekea wazo hilo mchungaji wa mtaani kwetu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ndugu yangu, watu wakikuta kimya watadhani tumehama."

"Pasta," nikamwambia, "jaribu Jumanne moja tu."

Amesema atalipeleka kwenye kamati.