Safari ya kushonesha: futi iko mkononi mwa nani?

Mwaka juzi binti mmoja anayefanya kazi Muscat aliniandikia. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka akiba ili awapeleke wazazi wake, wakazi wa Tanga, wakaone nyumbu wa Serengeti kabla nguvu hazijamwisha baba. Mzee ana miaka 78 na magoti yanamsumbua, na mama alikuwa hajawahi kupanda ndege. Binti alishamlipa wakala mmoja wa Ulaya ada ya kupangiwa safari, akapewa ratiba ya kurasa kumi na nne yenye picha za kuvutia: usiku saba, kambi tano. Aliniomba niipitie tu. “Kaka, niambie kama hii ni bei ya haki.”

Niko kwenye dawati la bukingi Arusha mwaka wa kumi na moja sasa, na jicho langu huenda kwanza kwenye viingilio. Wazazi wote wawili waliandikwa kama wageni kutoka nje: dola 82.60 kila mmoja kwa siku ndani ya Serengeti, kodi ikiwamo. Hawa ni Watanzania wenye vitambulisho vya NIDA, na kiingilio chao kilikuwa shilingi 11,800. Hizo kambi tano nazo zilimaanisha kufunga mabegi karibu kila asubuhi. Hakuna aliyeuliza magoti ya mzee yatapandaje Land Cruiser, wala kama nyama ya kambini ni halali. Ratiba iliitwa ya kipekee na jina la baba lilikuwa juu ya jalada, lakini ndani ilikuwa nguo ya dukani iliyobandikwa lebo ya fundi.

Tangu siku hiyo nimelitafakari sana suala hili, kama msafiri anahitaji kweli mtaalamu wa kumpangia safari, maana ndilo linalonipa ugali. Kupanga safari ya kifahari kwa kipimo cha mtu mmoja si biashara ngeni kwetu. Abercrombie & Kent, mojawapo ya majina makubwa duniani katika kazi hii, ilianzishwa Nairobi mwaka 1962. Leo wapo washauri wa aina hiyo London, New York, Dubai na Arusha kwenyewe, na mteja anayelipa zaidi ya dola 1,000 kwa kichwa kwa usiku mmoja, bei ya kawaida kwenye kambi za juu msimu wa Julai hadi Oktoba, huambiwa kwamba bila mtaalamu atapoteza pesa na muda. Wengine wanajibu kwamba intaneti imemaliza siri zote, na mtaalamu ni dalali tu aliyevaa suti.

Nianze na upande ninaoutetea. Serengeti ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na nyumbu, ambao kwa miaka mingi wamekadiriwa kuzidi milioni moja, hawakai mahali pamoja. Januari hadi Machi wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, wakizaa kwenye majani mafupi. Mei na Juni wanavuta kuelekea magharibi, Mto Grumeti. Julai hadi Oktoba wengi wako kaskazini, Kogatende, wakivuka na kurudi Mto Mara, hadi mvua za vuli ziwaite tena kusini. Kambi inayosifiwa kwa nyota tano mwezi Agosti inaweza kuzungukwa na nyika tupu mwezi Februari, na picha zake mtandaoni ni zilezile mwaka mzima. Mvua ikichelewa wiki tatu, hata kalenda hii haisaidii, na hapo unahitaji mtu mwenye namba ya simu ya dereva aliyepita huko jana jioni.

Ramani nayo hudanganya. Ukiangalia kwenye simu, Kogatende na Maasai Mara ni majirani, kiasi cha mtu kusema nitalala Tanzania leo, kesho asubuhi nichepuke kwa gari niingie Kenya. Njia hiyo imefungwa kwa watalii tangu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika. Mgeni atazunguka kwa barabara hadi mpakani Sirari, au ataruka hadi Tarime, avuke mpaka kwa gari, kisha apande ndege nyingine Migori. Nimewapokea watu waliokuwa wameshalipia vyumba pande zote mbili kabla ya kulijua hilo. Siku yao moja iliishia njiani.

Hifadhi ya Mahale iko mbali zaidi. Ndege za ratiba huenda huko mara mbili tu kwa wiki, kisha ni boti juu ya Ziwa Tanganyika. Mgeni anapewa saa moja na sokwe, akiwa amevaa barakoa asiwaambukize mafua. Safari nzima, hata usiku wa Ruaha au Katavi unaoitangulia, inapangwa kurudi nyuma kutoka siku ya ndege. Ukikosea siku moja, umepoteza nusu wiki. Na ndege zenyewe ni ndogo, mzigo kilo 15 kwenye begi laini, kwa hiyo yule anayetoka Ulaya na sanduku gumu la magurudumu lazima aambiwe mapema kabla hajafika nalo uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha.

Kuna ujuzi mwingine ambao hauandikwi kabisa kwenye matangazo. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, maji yakitoka hutoka kweli. Siku za bamvua bahari inakwenda mbali, na anayetaka kuogelea saa nne asubuhi anakuta kina mama wako kwenye mashamba ya mwani. Mimi napapenda hivyo hivyo. Lakini wenzi walio fungate, waliolipa ili waingie majini kutoka mlangoni pa chumba, wangefaa kupelekwa Nungwi au Kendwa, ambako maji hayakimbii kiasi hicho. Anayejua hilo na asimwambie mgeni amemnyima haki yake.

Huo ndio ujuzi, na una thamani ya pesa. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayeuuza siye anayeumiliki.

Hoteli na kambi zina bei mbili: ile anayoiona mgeni, na bei ya mawakala. Tofauti yake inaweza kuwa asilimia 10, 20, hata 30. Ndiyo maana mshauri anaweza kukuambia kwamba huduma yake ni bure na asiwe amesema uongo wa moja kwa moja. Analipwa na kambi, kupitia kwako. Si dhambi, maana kazi inafanyika na mfanyakazi anastahili ujira. Lakini kambi moja ikitoa 15 na jirani yake 25, nani atajua ni ipi iliyochaguliwa kwa ajili yako na ipi kwa ajili ya wakala? Nimekaa kwenye vikao ambako wawakilishi wa kambi huja ofisini na ofa za msimu. Nimelala kwenye baadhi ya kambi hizo bila kulipa, ili nizifahamu, na ninakiri kwamba kitanda ulicholalia ndicho kinachokujia kwanza kichwani mteja anapopiga simu. Pale ambapo mteja ameniuliza waziwazi ninapata kiasi gani, nimemwambia, na sijampoteza hata mmoja kwa sababu hiyo.

Mnyororo wenyewe ni mrefu. Mshauri aliye London anaiuzia familia, anaikabidhi kwa kampuni ya jumla, nayo inampa opareta wa Arusha, naye anampa dereva. Kila pete ya mnyororo inakata chake. Mwisho wa mnyororo yuko mtu anayejua chui wa Seronera hupenda kulala juu ya mti upi, anayesoma shingo za twiga zilizogeuka upande mmoja na kujua simba yuko wapi. Huyo mara nyingi anategemea bakshishi ili mwezi uishe. Utasoma kurasa kumi na nne za ratiba, uambiwe shuka zimefumwa kwa pamba ya wapi, na usikute jina la mtu utakayekaa naye garini saa tisa kwa siku. Kwangu mimi hapo ndipo kushonesha safari kwa kipimo cha mtu kunapofeli, wala si kwenye mvinyo.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko bei, na wapangaji wengi hatupendi kuigusa. Bidhaa kuu ya anasa siku hizi ni faragha: bonde lako peke yako, bila gari lingine. Faragha inahitaji ardhi isiyo na watu. Juni 2022 serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, wafugaji wa Kimaasai wakapoteza malisho, na kukatokea vurugu. Wakazi wa Ngorongoro nao wamekuwa wakihamishiwa Msomera, Handeni, katika zoezi ambalo serikali inaliita la hiari na wengi wao wanalipinga. Sisemi kila kambi ya kifahari ina lawama; zipo zilizoko kwenye ardhi ya vijiji na zinazolipa vijiji hivyo kila mwaka. Nasema kwamba mtaalamu anayeuza ukimya wa nyika ana wajibu wa kujua ukimya huo umepatikanaje, na amjibu mgeni bila kuzungusha maneno.

Anayekataa wataalamu husema pia kwamba safari iliyopangwa hadi dakika inaua safari. Hapo namwelewa nusu. Nimeona ratiba ambazo hata kukaa kimya kumewekewa saa. Lakini nimeona pia Kogatende bila mpango mwezi Julai: magari yamepanga foleni ukingoni, injini zinawaka, kila dereva anabanwa na mgeni aliyeambiwa lazima aone nyumbu wakivuka. Julai 2025 ilisambaa video ya watalii walioshuka kwenye magari kando ya Mto Mara huku nyumbu wakihangaika kupata njia. Mpangaji mzuri hutatua hilo mapema, miezi nane kabla, kwa kumwambia mteja ukweli ambao hautaki: kuvuka kwa nyumbu hakuna ratiba, unaweza kungoja siku tatu usione kitu, na kama huna subira hiyo nenda Ndutu Februari. Kusema hivyo kunaweza kuipunguzia kambi mauzo. Ndicho kipimo changu cha mtaalamu: je, amewahi kukushauri jambo linalompunguzia kipato?

Kwa hiyo mtu akiniuliza, sijibu kwa neno moja. Kama unataka siku nne Unguja, chumba kimoja, kulala na kuamka, panga mwenyewe. Uliza habari ya maji kupwa na kujaa, na bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44 kwa wageni kutoka nje, iliyoanza Oktoba 2024, kisha okoa pesa yako. Kama una hifadhi tatu, ndege ndogo nne, mtoto mwenye mzio wa karanga na wazee wawili, tafuta mtu. Lakini mtafute karibu na ardhi unayokwenda. Muulize kama ana leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii. Muulize mara ya mwisho alilala lini kwenye kambi anayokupendekezea. Muulize dereva atakuwa nani na analipwaje. Na kabla hujatuma malipo ya awali, muulize pesa yako itakaa wapi hadi siku ya kusafiri. Thomas Cook, aliyeanza kupanga safari za treni Uingereza mwaka 1841, aliacha kampuni iliyodumu zaidi ya karne na nusu, nayo ilianguka usiku mmoja tu, 23 Septemba 2019, ikiwa na maelfu kwa maelfu ya watu likizoni. Ukongwe wa jina si dhamana.

Yule binti wa Muscat tulianza upya. Tulipunguza kambi kutoka tano hadi mbili, tukaacha kaskazini kabisa, tukachagua Februari na Ndutu. Viingilio vilirekebishwa. Pesa iliyookolewa ililipia ndege kwenda na kurudi, ili mgongo na magoti ya mzee viepuke saa nyingi za barabara ya vumbi. Kijana tuliyempa kazi ya kuwaongoza ni mtu wa Korogwe, na nilimpigia simu wiki mbili kabla. Aliniuliza maswali mawili tu: mzee ana urefu gani, na wanakula nini asubuhi. Siku ya safari alibeba kigoda cha mbao cha ngazi mbili alichokichongesha kwa fundi wa Ngaramtoni, akakiweka chini ya mlango wa gari kabla hajasema lolote zaidi ya “Shikamoo mzee, shikamoo mama.”

Siku ya pili, adhuhuri, walisimama chini ya migunga kwa chakula. Nyumbu walikuwa wametapakaa pande zote, ndama wa siku mbili tatu wakijikwaa nyuma ya mama zao. Mama alimwuliza, “Mwanangu, kibla kiko wapi hapa?” Kijana hakutoa simu. Alimwonyesha kaskazini, akakengeusha mkono kidogo mashariki, akageuza gari ili libaki kati yao na nyika, kisha akasimama upande wa pili na darubini yake akilinda hadi waliposwali wote wawili. Hilo sikuliandika kwenye ratiba, wala nisingejua kuliandika.

Mwezi uliopita binti aliniandikia tena. Safari hii anataka kuwaleta mashangazi wawili kutoka Pangani. Hakuuliza kambi wala bei. Aliuliza kama yule kijana ana nafasi Februari, ili yeye aombe likizo kufuata tarehe zake.