Gesti za London zinanichosha

Mama na shangazi wanakuja London Julai kwa mahafali ya mdogo wangu, na wiki ya tatu sasa natafuta gesti. Kwangu ni chumba kimoja, na mkataba wa pango hauruhusu wageni kulala zaidi ya siku chache.

Kinachoniudhi zaidi ni bei ya uongo. Unaona pauni 55 kwa usiku, moyo unatulia. Ukifika kulipa, kuna ada ya usafi, ada ya huduma, na hiyo bei kumbe ilikuwa ya mtu mmoja! Nilikwenda mwenyewe Ilford kukagua moja: chumba ghorofa ya tatu, hakuna lifti, choo cha kushirikiana kiko chini. Mama ana magoti mabovu. Atashukaje usiku wa manane?

Halafu fomu ya viza inauliza watakapofikia, nami naogopa kulipa kabla viza haijatoka, maana vyumba vya bei nafuu pesa hairudi. Ukisubiri, bei inapanda. Wazee wetu wanatoka Tanga kuja kumshangilia mtoto wao. Andikeni bei kamili tangu mwanzo, jamani!