Hukumu ya kunyongwa: kwa nini jaji hapewi nafasi ya kuchagua?

Kila likitokea tukio la mauaji ya kutisha utasikia watu wanasema wanyongwe tu, na mimi siwashangai. Mzazi ambaye mwanae mwenye ualbino amekatwa mkono akafa, usiende kumwambia habari za haki za muuaji. Hasira yake ni halali, na serikali ikiipuuza watu watachukua sheria mkononi.

Mimi sibishani na kunyonga kwenyewe leo. Ninachobishania ni kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambacho kinamfunga jaji kabisa. Ukikutwa na hatia ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa, labda uwe mjamzito au ulikuwa chini ya miaka 18. Wakili anasimama anaomba, mteja wangu ni kosa lake la kwanza, ana watoto wadogo, kakaa mahabusu muda mrefu, jaji anasikiliza vizuri tu halafu anasema adhabu ni moja, hana namna.

Sasa chukua watu wawili. Mmoja kalipwa hela amuue mtu asiyemjua, kapanga, kavizia. Mwingine ni mke aliyepigwa na mumewe miaka na miaka, siku hiyo kapigwa tena, akasubiri mwanaume alale akachukua mchi, maana akiwa macho hamuwezi. Utetezi wa kukasirishwa sheria inautaka uwe wa ghafla, kabla hasira hazijapoa, kwa hiyo huyu mama kwa kule kusubiri tu anaweza kuukosa. Wote wawili kitanzi! Tunasema kila mtu awajibike kwa alichofanya, lakini hapo nani kapima alichofanya? Wakati huohuo kwenye kuua bila kukusudia jaji anaweza kutoa kifungo cha maisha, au miaka miwili, au hata akamwachia mtu kwa masharti.

Wanaoitetea sheria hii wanasema ikilegezwa watu hawataogopa. Waogope nini jamani? Tanzania imenyonga mara ya mwisho 1994. Kapita Mkapa, kapita Kikwete, kapita Magufuli, ambaye 2017 alisema waziwazi wasimpelekee orodha ya watu wa kunyonga kwa sababu anaujua ugumu wake. Na hapa ndo huwa nakwama kabisa. Rais hajawahi kumwona shahidi hata mmoja, ila ibara ya 45 ya Katiba inamruhusu kusamehe au kubadilisha adhabu. Jaji kakaa na mashahidi, kawaangalia usoni, kawasikia wakihojiwa, yeye haruhusiwi. Yaani huruma tumeipeleka Ikulu kwenye faili, na mtu anabaki seli ya wanaosubiri kunyongwa miaka nenda rudi hajui kama yupo au hayupo.

Hoja yao yenye uzito ni rushwa, kwamba jaji akipewa uhuru tajiri atanunua miaka michache na maskini atanyongwa. Ni kweli inatisha, ila mwenye hela anaanza mapema, kwenye upelelezi na kwenye kuamua ashtakiwe kwa kosa gani, na jaji angalau lazima aandike sababu zake, zikatiwe rufaa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapahapa Arusha, ilishasema Novemba 2019 kwamba ulazima huu unavunja haki ya kuishi. Uganda waliuondoa 2009, Kenya kwa kesi za mauaji Desemba 2017, na kote huko adhabu ya kifo ilibaki kwenye vitabu. Muuaji wa kukodiwa bado jaji anaweza kumpa adhabu hiyo. Yule mama anaweza kupewa miaka kadhaa akarudi kulea wanae.