Kamera ya megapikseli 24, picha sufuri

Kazi yangu mimi ni kushona kofia. Kofia za vito, zile za mkono, tundu moja moja, na kofia moja yaweza kunila miezi miwili mitatu kutegemea na nakshi na vile mwenyewe anavyonipigia simu kuniuliza imefika wapi. Nawaambia hivi mjue pesa ya kamera ilitoka wapi, ilitoka machoni mwangu, kofia tano nzima nimeinama pale dakani kwetu nadunga sindano mchana na usiku niko kwenye simu nasoma habari za lenzi mpaka mama akadhani nimepata mchumba.

Picha nilikuwa napiga zamani kwa simu. Alfajiri majahazi yakitweka, paka wa Lamu wakisubiri wavuvi, milango ya nakshi, mambo hayo. Halafu siku moja mtalii mmoja pale forodhani akanipa kamera yake nishike amfungie mwanawe kamba ya kiatu, kamera nzito kama kilo ya nyama, nikafinya mara moja tu. CHAK! Kile kioo cha ndani kinaruka juu kinarudi, na ule mlio wallahi niliusikia mpaka usiku. Nikasema simu basi, mimi nataka DSLR, kamera yenye kioo ndani kama hiyo.

Sasa kuchagua. Jamani nani aliwaambia watu wa Mkunguni kwamba nanunua kamera? Maana nikipita tu barazani naitwa. Kulikuwa na vyama viwili, Canon na Nikon, kama wakati wa kura, watu wawili pale hawakusalimiana siku tatu na hakuna hata mmoja wao mwenye kamera. Mpiga picha wa harusi wa mtaani kwetu alikuwa Canon, akaniambia lenzi zao za EF tangu 1987 kila moja ina mota yake ndani, utachomeka itafokasi, huna cha kuuliza. Maneno ya maana kabisa hayo, ningeyasikiliza ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa heshima, yeye Nikon damu, akanywa kahawa yake taratibu akasema, "Mwanangu, mdomo wa Nikon haujabadilishwa tangu 1959. Lenzi ya babu yako itaingia." Babu yangu hakuwa na lenzi, alikuwa na ng'ombe, lakini neno lile likaniingia.

Kilichonimaliza ni hesabu ya megapikseli, yaani vile vitone vinavyojenga picha, kwa mamilioni. Canon 1100D megapikseli 12, Nikon D3200 megapikseli 24, na zote mitumba bei zinakaribiana. Mimi ni mtu wa kofia, ukiniambia hii ina matundu elfu na hii ina elfu mbili kwa bei moja sihitaji mjadala. Baadaye ndio nikaja kuambiwa kwa picha ya kutundika ukutani sebuleni hizo 12 zingetosha na chenji kubaki. Baadaye.

Basi nikavuka Mokowe, nikapanda basi, Witu, Garsen, Malindi, mpaka Mombasa, mgongo umekufa. Duka nimelitaja hapa? Sitaji. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, simu iko sikioni muda wote, akanitolea D3200 akanambia shata, kale kamlango ka ndani kanakofunguka kila picha, imepigwa mara elfu nane tu na hizi zimejaribiwa mpaka laki moja, yaani bado ni bikira. Akanipa nijaribu. Nikapiga feni, chak, picha ikatokea kwenye skrini. Nikampiga yeye mwenyewe na simu yake, chak, akatokea. Raha iliyonishika! Akaniongezea na lenzi ya 50mm ile f/1.8D, ndogo, nyepesi, bei ya kutupa, akasema hii kwa sura za watu haina mpinzani.

Wakati wa kulipa akatoa simu sikioni kidogo akaniuliza, "Kadi unayo?"

Nikamjibu, "Sina, nalipa kwa M-Pesa."

Akanitazama. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye simu yake. Mazungumzo yalikuwa hayo tu, na mimi nikatoka dukani kifua mbele nikijiona nimelipa kisasa.

Nikafika Lamu siku tatu kabla ya mashindano ya punda. Ilikuwa Mfungo Sita, Maulidi, mji umefurika, wageni mpaka wa Komoro, msikiti wa Riyadha hupati pa kuweka kiatu. Ami yangu ana punda anaitwa Waziri, na kwa tabia pia ni waziri, anafanya kazi akitaka na akikataa hakuna wa kumuuliza. Miaka yote anamaliza wa mwisho au hamalizi. Lakini Ami aliposikia habari ya kamera akaja nyumbani kwa miguu yake akamwambia mama, mwaka huu Waziri atatiwa kwenye picha, na picha itawekwa fremu.

Nikaanza mazoezi na ile 50mm kwa paka wa bibi. Nafinya, haifokasi. Nageuza, nafinya, haifokasi, paka kawa moshi. Nikarudi kwenye simu kusoma ndio nikakuta kumbe hizi D3200 bodi yake haina mota ya fokasi, na lenzi za D nazo hazina mota ndani, kwa hivyo mdomo wa 1959 lenzi inaingia kweli, mwalimu hakusema uongo, ila inaingia kama mgeni asiyesaidia kazi. Unazungusha kwa mkono. Ningeweza kuchomeka tena ile lenzi ya kawaida iliyokuja na kamera, ile 18-55 ina mota yake, lakini kiburi cha mtu aliyenunua kitu hamkijui? Nikakaa siku tatu nazungusha ule mpete, paka, mtungi, bibi, paka, mpaka vidole vikajua.

Na hapa ndipo nataka mnielewe, akili yangu yote ilikuwa kwenye fokasi. Ndani ya kile kitundu cha kuchungulia kulikuwa na herufi E inanitazama siku zote tatu. Nikaiona. Nikasema hiyo ni eksposha, mambo ya kupima mwanga. Na kila picha ikitokea kwenye skrini ina neno Demo, nikadhani ni staili, kama vile kuna Auto basi na Demo ipo, picha inakaa sekunde chache inapotea na mimi nikasema vizuri, inaokoa betri. Bibi aliniuliza, "Mbona wanilenga tu, hunionyeshi?" Nikamwambia bibi hii si simu, hii picha zake zinatazamwa kwenye kompyuta.

Siku yenyewe ukuta wa baharini wote ni watu, watoto wamekaa juu ya majahazi, akina mama madirishani, jua la kupasua kichwa, skrini hata huioni. Nikapiga goti katikati ya njia karibu na mwisho na kila askari akinitoa narudi. Punda wakatoka. Mbele alikuwa punda mmoja wa kubeba mchanga, mbio kama pikipiki, wa pili hata hamkaribii, na Waziri yuko wa tatu ambalo lenyewe ni muujiza. Sasa yule wa mbele kufika kwenye kichochoro anachopitaga kila siku kupeleka mchanga, wallahi akakata kona! Akaingia kichochoroni na kijana mgongoni anapiga kelele, wakapotelea mjini. Wa pili akaona mwenzake kaingia naye akamfuata. Waziri sijui alikuwa hana habari au vipi, akanyoosha tu njia ya baharini peke yake, masikio juu, akaja moja kwa moja kwenye lenzi yangu na mimi nazungusha mpete, nazungusha, chak chak chak chak, kila pua, kila jasho, kila jino. Mji mzima ulilipuka. Ami alimbusu punda mdomoni.

Nilipiga kama mia tatu siku ile. Kwa hesabu yangu.

Usiku sebule ya Ami imejaa, halwa, kahawa tungu, mahamri, jirani, nahodha wa boti ya Mokowe, bibi kaletwa kwa kushikwa mkono. Binamu yangu mdogo wa kidato cha pili kaleta laptop. Akaishika kamera, akafungua kamlango ka pembeni ambako mimi sikuwahi kujua ni mlango, akachungulia.

"Kaka, kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

Pale nikamkumbuka yule kijana wa Mombasa. Kadi unayo. Nikamsikia kabisa sauti yake, na yangu pia nikamjibu M-Pesa.

Binamu yangu akaeleza kwa sauti ya mwalimu, eti kuna mahali kwenye menyu madukani wanaseti kamera ipige hata bila memori kadi, mteja aonyeshwe picha, ndio maana inaandika Demo, lakini haihifadhi kitu. Kimya. Feni tu. Nikajitetea, nikasema lakini ndani ilikuwa imeandika E, sasa mimi ningejuaje? Nahodha akaweka kikombe chini.

"Bwana, E hata kwenye tangi la boti ni pakavu."

Wakacheka mpaka jirani wa pili akaja kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka upya, wakaanza tena wote. Ami hakucheka. Ami alimwangalia Waziri kupitia dirishani kama mtu aliyefiwa.

Kadi nilinunua kesho yake, ya GB 16. Niliomba Waziri akimbizwe tena, Ami akasema mwenyewe muulize, nikamuuliza, hakutoka bandani.

Kukaja kupatikana picha moja tu ya ule ushindi. Kijana fulani aliipiga kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kutoka nyuma. Mbele kabisa ni mimi nimepiga goti, kikoi kimeteremka, matako yamejaa theluthi mbili ya picha, na juu ya kichwa changu mnaona masikio mawili ya Waziri yamesimama kama yameota kwangu. Ami akaipeleka ikasafishwa kubwa, akaitia fremu ya dhahabu, akaitundika sebuleni sambamba na kalenda ya msikiti. Wageni wakija wanauliza yule ni nani, na Ami, pole pole, bila kugeuka, anawajibu, "Yule? Mpiga picha wetu."